Tabora, Januari 1958: waliozikataa kura tatu

Sisi tuliosoma Tabora tulifundishwa Uamuzi wa Busara kwa sentensi moja: mkutano mkuu wa TANU uliofanyika mjini kwetu Januari 1958 ulikubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, na uhuru ukapatikana. Sentensi hiyo ni ya kweli, ila imewaacha nje wale waliopinga, na bila kuwasikiliza hao hatuwezi kujua kilichokuwa kikigombaniwa.

Utaratibu wenyewe ulikuwa wa kuudhi. Serikali ya Gavana Edward Twining ililipatia kila jimbo viti vitatu, kimoja cha Mwafrika, kimoja cha Mwasia na kimoja cha Mzungu, na mpiga kura alilazimika kuwachagua wote watatu; aliyetia alama kwa Mwafrika peke yake, kura yake iliharibika. Tena hakupiga kura kila mtu, kwa kuwa kulikuwa na masharti ya elimu, kipato au wadhifa, na mkulima wa Nzega au Sikonge asiye na cheti wala mshahara alibaki mtazamaji. Katika nchi yenye Waafrika zaidi ya milioni 8, Wazungu wapatao 20,000 walipewa viti sawasawa na wao.

Ndiyo maana siwezi kukubali Zuberi Mtemvu, mwanachama wa TANU aliyeongoza upinzani dhidi ya uamuzi huo, asimuliwe kama mkorofi. Yeye na wenzake walisema kwamba kushiriki ni kuubariki ubaguzi, na kwamba chama kilichowaahidi watu uhuru hakiwezi kuwaomba watu haohao wamchague Mzungu. Ikumbukwe kwamba wakati huo TANU yenyewe ilipokea wanachama Waafrika tu. Julius Nyerere alijibu kwa hoja ya mbinu: TANU ikisusia, viti vitachukuliwa na United Tanganyika Party (UTP), chama kilichokuwa na baraka za gavana, na serikali itapata Baraza la Kutunga Sheria lisilo na mpinzani. Lakini nyuma ya mbinu hiyo ilikuwapo imani kwamba uraia wa Tanganyika usipimwe kwa rangi ya ngozi, na hapo ndipo njia zao zilipoachana kabisa.

Mtemvu alijitoa akaanzisha African National Congress, yenye msimamo kwamba Afrika ni ya Waafrika. Uchaguzi wa Septemba 1958 na ule wa Februari 1959 ulimpa Nyerere ushindi mkubwa, pamoja na wasio Waafrika walioungwa mkono na TANU, kama Derek Bryceson na Sophia Mustafa. Katika uchaguzi wa rais wa 1962, Mtemvu hakufikisha hata asilimia 2 ya kura.

Hata hivyo hoja yake haikufa pamoja na kura zake. Oktoba 1961, muswada wa kutoa uraia bila kujali rangi ulipopingwa bungeni na wabunge wa TANU yenyewe, Nyerere alilazimika kutishia kujiuzulu. Januari 1964 askari waliasi Dar es Salaam, na siku ya pili yake wa kambi ya hapa Tabora nao wakaasi, wakidai mishahara bora na maofisa Waafrika badala ya Waingereza. Kwa maoni yangu Nyerere alikuwa sahihi kuhusu kura na kuhusu uraia, na Mtemvu alikosea kumpima mwananchi kwa rangi. Lakini swali la nani ashike madaraka katika nchi iliyotawaliwa na wageni lilikuwa la haki, na lilistahili kujibiwa hadharani.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni kwamba nafasi hiyo ya kujibizana ilizibwa. Mtemi Abdallah Fundikira wa Unyanyembe, mwenyeji wetu na waziri katika serikali ya kwanza ya uhuru, aliachia uwaziri mwaka 1963, na mwaka 1965 katiba ikaruhusu chama kimoja tu. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, Fundikira, akiwa sasa mzee, alijitokeza kuongoza chama cha upinzani, Union for Multiparty Democracy (UMD).