Foleni ya usiku wa mvua, mbele hamna hata ajali

Tuliondoka mchana jua linawaka, mjomba ndo kashika usukani mi nimekaa mbele, na kwa hesabu zetu tungefika watu hawajalala, ila giza likatukuta njiani afu mvua nayo ikaja juu yake.

Sasa nlichokiona mapema ni kwamba giza peke yake halimtishi mtu. Jua limezama, lami bado kavu, watu wanatupita na 100, 110 kama vile ni saa nane mchana, wakati taa zikiwa dim zinamulika mita 50 au 60 hivi basi. Na ukiwa kwenye 100 gari inakula karibu mita 28 kila sekunde, yaani hadi ushtuke na mguu ufike kwenye breki nusu ya ulichokua unakiona kimeshaisha, na kusimama kabisa kunataka zaidi ya mita 70 hata pakiwa pakavu. Watu wanaendesha kwa imani tu.

Mvua ilipoanza kila kitu kikabadilika. Ile mistari ya barabarani ina vipunje vya kioo kwenye rangi vinavyorudisha mwanga wa taa kwa dereva, maji yakivifunika mwanga hauji tena kwako, kwa hiyo mistari inapotea na taa za wanaokuja zinang'aa kwenye lami zinakuingia machoni. Ongeza na ule ukungu wa maji nyuma ya malori. Wapo pia wanaowasha hazadi huku wanatembea, hao sijui nani aliwafundisha, maana akitaka kuhama leni utajuaje?

Mjomba akashuka hadi 70 na akaacha nafasi kubwa mbele, kila saa mtu anachomekea. Nikamwambia mjomba wanakujaza hao, akasema "waache waingie, we unataka tufike au tuwahi?" Nikanyamaza.

Ila ndo hapo foleni inapozaliwa. Chukua leni moja, magari yakifuatana kwa kuachana sekunde 1.8 yanapita 2000 kwa saa, kila mtu akijivuta kidogo tu ikawa 2.2 yanapita kama 1630, na wanaoingia barabarani hawajapungua, sasa hao wengine wataenda wapi? Afu mmoja anagusa breki, wa nyuma anaona taa nyekundu kwenye kioo kilicholowa anakanyaga zaidi, wa nyuma yake zaidi, mpaka huko nyuma watu wanasimama kabisa. Wajapani walishaonyesha hili, utafiti ulitoka 2008, magari 22 yanazunguka duara la mita 230 halina kizuizi chochote na foleni ikajitengeneza yenyewe, ikawa inarudi nyuma kwa kama kilomita 20 kwa saa. Na pale kulikua kukavu, mchana!

Tukasogea kidogo kidogo kwa muda mrefu sana, mi natafuta lori lililoanguka, tunafika kichwa cha foleni hamna kitu, barabara nyeupe. Mvua ilikua imeshakatika zamani lakini foleni bado, kwa sababu kila gari inaondoka kwa kusubiri ya mbele ianze kwanza, hivo zinazotoka ni chache kuliko zilizokua zinapita kabla hapajakwama. Tulipoachiwa tu jamaa wakarudi kwenye 110 yao, gizani, lami bado imelowa, mjomba akabaki na 80 yake mpaka tunafika saa nane usiku.