Kilichoiua Injini ya Mjomba

Katika kiangazi cha mwaka 2014, pikipiki ya mjomba wangu, Honda CG125 aliyoitumia kupeleka magunia ya alizeti kwenye mashine ya kukamua mafuta, ilianza kutoa moshi wa buluu na kushindwa kupanda vilima vya Kondoa hata ikiwa haina mzigo. Fundi mmoja wa mjini alishauri injini nzima ibadilishwe. Mjomba aliukataa ushauri huo, nami naamini hadi leo kwamba alikuwa na haki, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameifungua injini ile akaona hali ya ndani.

Tuliifungua uani, juu ya turubai, tukaosha vyuma vyake kwa mafuta ya taa na kuvipanga kwa mfuatano ule ule tuliovitoa. Injini ya aina hiyo, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, haina mnyororo wa kuendesha valvu, yaani vizibo vinavyofungua na kufunga njia za hewa na moshi. Kazi hiyo hufanywa na vijiti viwili vya chuma vinavyosukumwa kutoka chini, na ndiyo sababu mtu mwenye spana chache na subira huweza kuifikia silinda akiwa nyumbani kwake. Tulipoinyanyua silinda tuliona mikwaruzo ya wima ukutani mwake, na ringi moja, pete ya chuma inayozunguka pistoni, tuliyoirudisha humo peke yake ilionyesha mwanya wa zaidi ya milimita moja kati ya ncha zake, ilhali mwanya unaofaa haufiki nusu milimita.

“Mjomba, tukanunue pistoni,” nilimwambia.

“Tutanunua, lakini kwanza nitafutie kilichoiua hii ya zamani.”

Tulikikuta kwenye chujio la hewa. Sponji yake ilikuwa imechanika ukingoni, na bomba liendalo kwenye kabureta lilikuwa na utando wa vumbi jekundu. Vumbi hilo, likishachanganyika na oili, husaga silinda kama msasa, na pistoni mpya ingeliwa vivyo hivyo.

Fundi wa kuchonga vyuma aliitanua silinda kwa milimita 0.50, nasi tukanunua pistoni ya kipimo hicho. Wakati wa kuirudishia, Mjomba aliziba mdomo wa injini kwa kitambaa ili kibanio cha pini inayoshika pistoni kisije kikatumbukia, akazizungusha ringi hadi mianya yake ikapishana, maana ikikaa mstari mmoja mgandamizo huvuja. Kurekebisha mwanya wa valvu alinikabidhi mimi: milimita 0.08, injini ikiwa baridi na pistoni ikiwa juu kabisa. Nilipomaliza, alipima upya kila moja kabla ya kuniruhusu kufunga kifuniko.

Ilipowaka ilitoa moshi kidogo wa oili tuliyokuwa tumepaka ndani, kisha ukakoma. Mjomba hakupakia gunia lolote mpaka oili ya kwanza, iliyobeba chembe za chuma, ilipomwagwa. Na chujio jipya alilifunga mwenyewe, akipaka grisi ukingoni kote ili vumbi lisipate pa kupenya.