Radi isiyopiga hodi: kuitumia “out of the blue” ipasavyo

Kiswahili kiliichukua mbingu kikaifanya rangi: samawati imetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mbingu. Kiingereza kikapita njia hiyo hiyo kinyumenyume, kikachukua rangi kikaifanya mbingu. “The blue” katika “out of the blue” ni ile anga ya Januari juu ya Nyali, hapa Mombasa, kaskazi inavuma na hakuna hata kipande cha wingu. Ukilishika hilo, makosa mengi yanaondoka yenyewe, kwa sababu kinachotajwa hapo si rangi bali ni mahali. Jambo limetoka pale ambapo hapakuwa na dalili yoyote.

Msemo wenyewe ukiwa mzima ni “a bolt from the blue”. Neno “bolt” linawachanganya wengi hapa mjini, maana bolti tunayoijua ni ya fundi, inayokaa na nati yake, na Bolt nyingine ni teksi ya kuitwa kwa simu. Zamani katika Kiingereza lilikuwa ni mshale mfupi mnene wa upinde wa mtambo, kisha radi nayo ikaitwa hivyo kwa kuwa hushuka kama kitu kilichofyatuliwa. Thomas Carlyle aliandika “a bolt out of the Blue” katika kitabu chake cha mapinduzi ya Ufaransa cha mwaka 1837, akieleza watu waliokamatwa kwa ghafla. Na jambo lenyewe hutokea kweli: radi yaweza kutoka ubavuni mwa wingu la mvua, ikasafiri kilomita 15 na zaidi, ikapiga mahali ambapo jua linawaka na watu wanaanika nguo.

Misemo hii miwili ni ndugu lakini kazi zao ni mbali mbali. “Out of the blue” ni kielezi, hivyo inataka kitenzi cha kuegemea. Mahali pake pazuri ni mwisho wa sentensi: “My aunt called out of the blue.” Ukitaka msomaji ashtuke kwanza, itangulize na uweke mkato: “Out of the blue, the landlord raised the rent.” Ukiipachika kati ya kiima na kitenzi, “The landlord out of the blue raised the rent,” utaeleweka, ila sentensi inakwaruza sikio. “A bolt from the blue” yenyewe ni nomino, na huja baada ya “was”, “came as” au “came like”: “The transfer letter came like a bolt from the blue.” Usiiache “a” nyuma.

Kosa linaloonekana zaidi huzaliwa pale hizo mbili zinapochanganywa: “It came like out of the blue.” “Like” hapo inangoja nomino na hairuhusu kielezi kikae mahali pake. Ama uiondoe, ama urudishe “a bolt”. Upande wa pili kuna “The manager called me a bolt from the blue,” sentensi isiyo na kosa la sarufi hata moja, ila inasema kwamba meneja amekuita wewe radi. “The” nayo haing'oki. “Out of blue” haisemi kitu. Na ukiongeza “s” mwishoni, “out of the blues”, umeingia katika huzuni na muziki wake, na msomaji ataelewa kwamba mtu amepona majonzi.

Penye utata wa kweli ni maana. Wengi wamefundishwa kwamba “out of the blue” ni sawa na “suddenly”, na hapo ndipo sentensi zinapoharibika. “Suddenly” ni kasi ya jambo. “Out of the blue” ni ukosefu wa hodi. Matatu ikifunga breki ghafla pale Buxton, sema “suddenly”, kwa sababu kusimama ni kazi yake ya kila siku. Barua ya posta iliyochukua wiki mbili njiani, kutoka kwa rafiki wa shule mliyepotezana miaka 20, haina kasi yoyote, lakini imekuja “out of the blue” barabara. Mvua ya Mei haiwezi kuja hivyo; masika yametangulia kubisha. Kodi iliyopandishwa baada ya ilani tatu haiwezi pia, hata kama imekuuma vipi. Basi kabla ya kuandika, jiulize: kulikuwa na hodi? Kama ilikuwepo, tafuta neno jingine. Kwa sababu hiyo hiyo sentensi ya kesho, “He will call me tomorrow out of the blue,” inajipinga yenyewe.

Uzito nao una kwao. “Out of the blue” haielemei furaha wala msiba. Zawadi na hasara zote hupita humo. “A bolt from the blue” ni nzito, inafaa habari ya kifo, kufutwa kazi, talaka. Kuitumia kwa simu ya shangazi aliyetaka kukusalimu tu ni kumpiga mtu radi bure. “Drop a bombshell”, yaani kutoa habari ya kushtua, ni mlango mwingine, kwa kuwa hapo lazima awepo anayetamka. Ami akitangaza katikati ya pilau ya Idd kwamba shamba limeuzwa, yeye “dropped a bombshell”. Kwa waliokuwa wakila, habari ile “was a bolt from the blue”.

Ukitaka kuitia nguvu, tumia “completely” au “totally”, si “very”.

Kuna matumizi moja ambayo watu wa huku wangefaidika nayo kuliko yote: “I know this is out of the blue, but…” Hutangulizwa mbele ya ombi unapomwandikia mtu ambaye hamjawasiliana kwa muda mrefu, nayo kwa hakika ndiyo hodi yenyewe. Salamu kwanza, kisha hiyo, kisha haja: “Salaam. I hope the family is well. I know this is out of the blue, but are you still renting out the house in Tudor?” Ukiiruka, ombi lako linaingia sebuleni na viatu.

Katika barua za kazi, kwa mfano wakala wa mizigo anayelalamikia gharama za bandarini, iache. Pale andika “without notice” ikiwa ilani haikutolewa, au “unexpectedly”. “Out of the blue” inaeleza mshtuko wako tu, na anayejibu malalamiko anataka kujua ilani ilitumwa au haikutumwa.

Kuirudisha kwa Kiswahili, “kutoka kwenye buluu” haifai popote. Kwa maneno matupu, “bila kutarajia” inatosha. “Ghafla bin vuu” ni tamu katika masimulizi, ila ina kasi ndani yake, kwa hiyo ile barua ya posta ya wiki mbili haiiwezi. Hiyo iandikie “ilikuja bila hodi”.