Kumbukumbu ya mradi: kompyuta ya michezo ya skrini tatu inayopozwa kwa maji

Mradi huu umepimwa kwa namba moja tangu mwanzo: tofauti kati ya joto la maji na joto la chumba. Prosesa na kadi ya picha zina namba zake, lakini zote mbili hupanda na kushuka zikifuata maji. Lengo lilikuwa tofauti isiyozidi nyuzi 10 mashine ikiwa kwenye mzigo kamili, huku feni zikizunguka si zaidi ya mara 1,200 kwa dakika. Maji yakivuka hapo kuna kosa mahali fulani, na kazi ni kulisaka.

Vipande

Prosesa ni AMD Ryzen 7 9800X3D: viini 8, kashe ya L3 (kumbukumbu ya kasi iliyo ndani ya prosesa) ya MB 96. Imeandikwa wati 120 lakini inaruhusiwa kuvuta hadi 162. Zipo za viini 16, ila michezo inapenda kashe kuliko wingi wa viini, na kila wati tunayookoa hapa ni wati ambayo rediata, kile kipoza maji kwa feni, haitaibeba. Kadi ya picha ni RTX 5090 yenye kumbukumbu ya GB 32 na mzigo wa wati 575. RAM ni DDR5-6000, vijiti viwili vya GB 16. Tuliacha vijiti vinne kwa makusudi, kwa sababu kwenye jukwaa la AM5, soketi ya prosesa hii, vikijaa vinne kasi rasmi hushuka hadi 3600.

Upande wa umeme hesabu ni hii: 575 za kadi, 162 za prosesa, takriban 25 za pampu, kisha feni, diski na ubao mama kama 70. Jumla inakaribia wati 830. Nvidia wenyewe wanapendekeza pawa saplai ya wati 1,000 kwa kadi hii. Tumeweka ya 1,200 ya kiwango cha ATX 3.1, kwa sababu kadi hizi huruka ghafla juu ya wastani wake kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na pawa saplai iliyobanwa hujizima katikati ya mchezo.

Mfumo wa maji una rediata tatu za mm 360, zote za shaba na zenye unene wa mm 30, feni 9 za mm 120, pampu moja aina ya D5 iliyounganishwa na tangi, bloku (kibamba cha chuma kinachopitisha maji juu ya chipu) ya prosesa, bloku ya kadi, mita ya mtiririko, vihisi viwili vya joto la maji, na mita tatu za mpira mweusi wa EPDM wa 10/16, yaani kipenyo cha mm 10 ndani na mm 16 nje. Fitingi za kubana, viungio vya mpira vyenye skrubu ya kipimo cha G1/4, zinahitajika mbili kwa kila kipande chenye mlango wa kuingia na wa kutoka. Rediata tatu, bloku mbili, pampu na mita ya mtiririko ni vipande saba, kwa hiyo 14. Ongeza nne za pembe ya nyuzi 90, T moja, vavu moja ya kumwagia maji na plagi zake. Nunua mbili za akiba. Fitingi moja ikikosekana, kazi yote husimama.

Kwa nini mpira na si paipu ngumu za plastiki ya PETG? PETG inapendeza macho, lakini hulainika maji yakipata moto sana, na ukitaka kubadilisha kipande kimoja mara nyingi unalazimika kukunja paipu upya. EPDM haipitishi mwanga na inakunjika bila kukunjamana ukiheshimu upinde wake. Kwa mashine itakayofunguliwa mara kwa mara, hapa sina shaka.

Hatua ya 1: vipimo kabla ya bisibisi

Rediata ya mm 30 na feni ya mm 25 ni mm 55. Tulitaka ya juu iwe ya mm 45, lakini 45 na 25 ni 70, na kwenye kasha hili feni zingegonga kipoza-joto cha ubao mama. Pima kutoka dari ya kasha hadi ukingo wa juu wa ubao, kisha hadi ncha ya RAM. Vipimo vya kwenye tangazo la kasha mara nyingi havihesabu RAM ndefu. Ya chini na ya pembeni zinavuta hewa ndani, ya juu inatoa nje. Ya juu hupata hewa iliyokwisha kupashwa kidogo, na hilo tunalikubali, kwa sababu kuzielekeza zote tatu kuingiza hewa kungeacha joto likizunguka ndani ya kasha.

Hatua ya 2: kujaribu bila maji

Kadi, prosesa na RAM viliwashwa kwanza nje ya kasha kwa vipoza vya kawaida vya feni. Hatua hii haipaswi kurukwa. Kadi mbovu ikigundulika baada ya kuvuliwa kipoza chake na kufungwa bloku, umekwama na kifaa ambacho muuzaji anaweza kukataa kukipokea. Mara ya kwanza skrini ilibaki nyeusi kwa dakika kadhaa. DDR5 huwa inajifunza kasi yake hapo, kwa hiyo usizime. Baada ya hapo washa EXPO, mpangilio unaoipa RAM kasi yake kamili, na ujaribu kwa saa kadhaa.

Hatua ya 3: kusuuza rediata

Rediata mpya huja na mabaki ya risasi na dawa ya kuchomelea. Ukiyaacha, yatakwenda moja kwa moja kwenye mapezi, zile sahani nyembamba za ndani ya bloku ya prosesa, ambayo nafasi kati yake ni chini ya nusu milimita, na kuziba hapo ni suala la wiki chache. Jaza nusu kwa maji ya moto yaliyokenekwa, ziba, tikisa dakika mbili, mwaga kwenye beseni jeupe, rudia. Rediata mbili zilikuwa safi baada ya kusuuzwa mara nne. Ya tatu ilitoa chembe nyeusi hadi mara ya saba. Beseni jeupe lina maana yake: kwenye beseni la rangi usingeziona.

Usiingize alumini popote. Shaba na alumini zikikutana ndani ya maji yaleyale hufanya kazi kama betri, na alumini ndiyo inayoliwa. Kagua hata fitingi za bei rahisi.

Hatua ya 4: bloku ya kadi

Hapa ndipo muda mwingi ulipotea. Bloku lazima iwe ya ubao uleule wa kadi yako. Jina RTX 5090 peke yake halitoshi, kwa sababu kila mtengenezaji hupanga vipande vyake anavyotaka. Kadi hii ina chipu 16 za kumbukumbu kuzunguka chipu kuu, na kila moja inahitaji pedi laini ya kupitisha joto. Kijitabu cha bloku yetu kinataka pedi za mm 1.0 juu ya kumbukumbu na mm 1.5 juu ya vipande vya umeme.

Mara ya kwanza kipande kimoja cha mm 1.5 kiliingia upande wa kumbukumbu. Nusu milimita inaonekana si kitu, lakini iliinua bloku upande mmoja, na chipu kuu ikaguswa kwa ukingo tu. Dalili iliyoonekana baadaye: maji nyuzi 35, chipu nyuzi 66, yaani pengo la nyuzi 31. Kuongeza kasi ya pampu hakukusaidia chochote, na hiyo ndiyo ishara yenyewe. Pengo kubwa kati ya chipu na maji ni tatizo la mgusano. Rediata zikilemewa, maji yenyewe ndiyo yangepanda. Tulifungua, tukaona pesti ya kupitisha joto imesambaa upande mmoja tu, tukabadilisha pedi, tukakaza skrubu nne za kati kwa mtindo wa msalaba, robo mzunguko kwa zamu. Pengo likashuka hadi nyuzi 18.

Ushauri: funga bloku mara moja kwa majaribio, ifungue papo hapo, tazama alama ya pesti na mikwaruzo ya pedi, kisha paka upya na ufunge moja kwa moja.

Hatua ya 5: mzunguko

Watu hubishana sana kuhusu mpangilio wa vipande. Hesabu inamaliza ubishi. Kilo moja ya maji huhitaji takriban jouli 4,186 kupanda nyuzi 1. Kwa mtiririko wa lita 200 kwa saa, kadi inayotoa wati 575 huyapandisha maji yanayopita ndani yake nyuzi 2.5 tu, na prosesa chini ya 1. Kwa hiyo panga kwa njia fupi ya mpira. Kwetu ni tangi, pampu, kadi, rediata ya chini, ya pembeni, prosesa, ya juu, kisha tangi. Sharti halisi ni moja: tangi liilishe pampu kutoka juu, kwa sababu D5 hupozwa na kulainishwa na maji yenyewe, na ikizunguka kavu huharibika. Hesabu hiyohiyo inaonyesha kwa nini mita ya mtiririko ina thamani: lita zikishuka hadi 60 kwa saa, kadi peke yake inayapandisha maji zaidi ya nyuzi 8.

Bloku ya prosesa ina mlango wa kuingia na wa kutoka, na ukiigeuza mapezi ya kati hayapati mkondo wa kwanza. Soma alama zake.

Hatua ya 6: kupima uvujaji

Kwanza hewa. Pampu ya mkono yenye saa ya shinikizo, bari 0.5, dakika 30. Angalia kwanza kikomo cha tangi lako, kwani mengine hayavumilii kiasi hicho. Sindano ikishuka kidogo dakika tano za mwanzo ni kawaida, hewa inapoa na mpira unatanuka. Yetu ilishuka hadi 0.42 ndani ya dakika kumi na ikaendelea kushuka. Tuligawa mzunguko nusu kwa nusu, tukaziba kila nusu kwa plagi na kuijaza peke yake, hadi tukafika kwenye fitingi moja ya pembe. Oringi yake, pete ya mpira ya kuzuia uvujaji, ilikuwa imebanwa nje ya mfereji. Fitingi hukazwa kwa mkono, na koleo ndilo linalokata oringi.

Kisha maji, kwa umeme wa pampu pekee. Chomoa plagi zote za ubao, prosesa na kadi, halafu unganisha pini ya 16 na ya 17 kwenye plagi ya pini 24 ili pawa saplai iwake. Jaza tangi, washa sekunde tatu, zima, jaza tena. Inamisha kasha pande zote ili hewa iliyojificha kwenye rediata itoke. Zimeingia takriban lita 1.3. Tishu kavu ziliwekwa chini ya kila fitingi kwa saa 24. Maji ni yaliyokenekwa yakiwa na dawa ya kuzuia kutu na ya kuzuia viumbe, yasiyo na rangi. Vimiminika vya rangi nzito hupendeza kwenye picha, lakini chembe zake hutuama.

Hatua ya 7: nyaya

Plagi ya umeme ya kadi, 12V-2x6, hubeba karibu ampea 48 kadi ikivuta wati 575, yaani ampea 8 kwa kila pini kati ya sita. Isukume hadi pengo lisionekane, na usiikunje ndani ya sentimita 3.5 kutoka kwenye kadi. Feni tisa za ampea 0.15 ni ampea 1.35, wakati soketi ya feni ya ubao kwa kawaida inahimili 1. Tumia kigawanyi chenye umeme wake. Pampu nayo ipate umeme kutoka pawa saplai, waya wa kuongoza kasi tu ndio uende kwenye ubao.

Hatua ya 8: skrini tatu

Ni za inchi 27, 2560×1440, hezi 165, za modeli moja. Nvidia Surround, inayounganisha skrini kuwa picha moja, inataka zilingane, na zikilingana kadi pia hutulia vizuri zaidi usipocheza. Kwa pamoja ni 7680×1440, pikseli milioni 11.06 dhidi ya milioni 8.29 za skrini moja ya 4K. DisplayPort 1.4 hubeba gigabiti 25.9 za data kwa sekunde, kwa hiyo hezi 165 zenye rangi za biti 10 zinapita bila kubanwa, na ndiyo sababu hatukwenda kwenye hezi 240.

Kila skrini ina upana wa sentimita 59.8. Jicho likiwa sentimita 70 mbele, kila moja inashika nyuzi 46, na pembeni nazo zikunjwe kwa nyuzi hizo 46. Zikikunjwa hivyo upana ni sentimita 143 tu, meza ya 160 inatosha, lakini mabawa yanakuja mbele sentimita 43. Fremu mbili zinazokutana zina jumla ya mm 12, sawa na pikseli 51, hivyo marekebisho ya fremu yanatoa 7782×1440. Michezo isiyojua skrini tatu huvuta picha pembeni ikarefuka. iRacing, mchezo wa mbio za magari, huchora kila skrini kwa kamera yake, ndipo pembe zile 46 zinapolipa. Skrini moja ilikuwa inazimika kila baada ya dakika chache. Tatizo lilikuwa kebo ya mita 3, na ya mita 2 iliyothibitishwa ikamaliza.

Hali ilivyo sasa

Chumba nyuzi 26, maji 35, chipu ya kadi 53, feni 1,150, mtiririko lita 205. Feni zinafuata joto la maji, kwa kuwa la prosesa hurukaruka na kuzifanya zivume ovyo. Kilichobaki ni kuipunguzia kadi nguvu hadi asilimia 80, yaani wati 460, na kupima upya feni zikiwa 800. Baada ya wiki mbili bloku ya prosesa itafunguliwa kukaguliwa mapezi, hasa kwa ajili ya ile rediata ya tatu.