Helgoland, kisiwa tulichoambiwa kilibadilishwa na Unguja

Boti ya kutoka Hamburg inashuka na mto Elbe, inapita Cuxhaven, halafu inaingia Bahari ya Kaskazini. Hapo ndipo watu wanapoanza kuulizia mifuko ya kutapikia. Mimi mtu wa Unguja nilijitia mzoefu wa bahari, tuyaache hayo.

Toka shuleni nimesikia kwamba Wajerumani waliwapa Waingereza Unguja wakapewa Helgoland. Sivyo hasa, maana Unguja haikuwa yao. Kwa mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 waliiachia Witu, kule karibu na Lamu, wakakubali Sultani awe chini ya ulinzi wa Uingereza. Wao wakapata huu mwamba mwekundu usio na magari, ambao unaumaliza kwa miguu kabla ya chakula cha mchana.

Kule juu, ndege wamejazana kwenye kingo za jabali, harufu ya samaki usiseme. Na mwamba huu ndio uliowakasirisha wazalendo wa Ujerumani: eti Chansela Caprivi kauza Afrika kwa jiwe! Mwaka 1891 wakaunda chama, ambacho tangu 1894 kilijulikana kama Alldeutscher Verband, yaani Umoja wa Wajerumani Wote. Carl Peters, mwanzilishi wa koloni la Wajerumani huku Afrika Mashariki, yuleyule wetu wa "Mkono wa Damu", alikuwamo. Kijana Alfred Hugenberg naye alikuwamo. Walianza na makoloni, wakaishia kwenye damu na nasaba: nani Mjerumani halisi, nani mgeni. Mwaka 1912 mwenyekiti wao, Heinrich Class, alijificha nyuma ya jina la bandia akachapisha kitabu kinachotaka Wayahudi wanyimwe kura na kazi za serikali. Hugenberg akatajirika kwa magazeti, akaongoza chama cha mrengo wa kulia, na Januari 1933 akaingia baraza la mawaziri la Hitler akidhani atamdhibiti. Kufika Juni keshatoka.

Kiongozi wetu wa matembezi hakuyagusa hayo. Alituchambulia vizuri mlipuko wa tarehe 18 Aprili 1947, Waingereza walipolipua maelfu ya tani za baruti hapa, na nusura kisiwa kizame. Nilipomuuliza habari za 1891 akacheka: watalii, alisema, wanafuata ndege na manukato yasiyo na ushuru.

Manukato nilinunua. Bei yake kweli si mchezo.