Sindano moja kwa vichwa viwili

Nywele za mapanja zilianza kuondoka mtoto alipofikisha miezi mitatu, na si muda mrefu nikawa nafunga kilemba hata ndani ya nyumba. Dada yangu mkubwa naye alikuwa amechoka. Utosi wake umekuwa mwembamba kwa miaka, anauficha chini ya ushungi, na siku hizi akitoka kuoga anageuza uso asijione kwenye kioo. Kwa hiyo tulipoliona tangazo la vitamini za nywele kwa sindano, tukapanga kwenda pamoja. Mtoto tukamwachia bibi yake.

Naandika haya leo kwa sababu bado roho inaniuma kwa yale tuliyoambiwa pale. Mhudumu alitutazama vichwa kwa haraka, mimi nikiwa nimefungua kilemba na dada ameuteremsha ushungi hadi mabegani, kisha akatuandikia kitu kilekile. Sindano kila wiki kwa mwezi wa kwanza, halafu kila baada ya wiki mbili, halafu mara moja kwa mwezi. Dawa ileile, bei ileile. Hakuna aliyeniuliza nimejifungua lini. Hakuna aliyegawanya nywele za dada kwa kitana aone ngozi ya utosi ikoje, wala aliyemuuliza kama pana muwasho au pana moto. Na bei yenyewe, kwa wote wawili, ilikuwa inakaribia kodi ya nyumba yangu.

Niliomba nikishike kichupa. Kioo cha kahawia, kizibo cha mpira kilichobanwa na kipande cha bati, na maandishi madogo sana ubavuni. Nikayasoma pole pole: biotini, dekspanthenoli, zinki, amino asidi kadhaa, asidi ya hailuroniki. Nikauliza nani anachanganya, na kipi kati ya hivyo ndicho ninachopungukiwa. Mhudumu akasema vyote ni vizuri kwa nywele. Tukaaga, tukasema tutarudi.

Sipendi kulaani kitu nisichokijua, kwa hiyo usiku ule na siku zilizofuata nilikaa nikasoma. Sindano hizi zinaitwa mesotherapi. Mwanzilishi wake ni daktari wa Ufaransa, Michel Pistor, aliyeanza mwaka 1952 kudunga dozi ndogo ndogo chini kidogo ya ngozi, mahali penyewe palipo na tatizo, na hapo mwanzo hakuwa akishughulika na nywele hata kidogo. Alikuwa akitibu maumivu. Nywele na urembo vimekuja baadaye. Kwa kichwa, sindano ni nyembamba mno na fupi, inaingia milimita chache tu, na mdungaji anatembea kwa mistari akiacha nafasi ya kama sentimita moja kati ya tundu na tundu. Kinachoingizwa ndicho kinachotofautiana: huku ni vitamini tupu, kule wanaongeza minoksidili, dawa ya kuotesha nywele, kwingine wanaweka dawa ya kuzuia homoni. Jina moja linabeba vitu vingi, ndiyo maana mtu mmoja atakwambia imemsaidia na mwingine atakwambia amekula hasara, na wote wawili wanasema kweli. Tafiti zipo, lakini nyingi ni za watu wachache, na kila moja ina mchanganyiko wake. Madhara nayo yapo: maumivu, uvimbe, na pale usafi unapolegea, bakteria wanaoleta majipu yasiyopona kwa antibiotiki za kawaida. Hilo la majipu limeripotiwa hospitalini katika nchi zaidi ya moja.

Basi tukaenda kwa daktari wa ngozi. Ni mama wa makamo, mmoja wa wale waliosomea Moshi, kwenye kile kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC kilichoanza mwaka 1992. Nimetaja hili kwa makusudi. Watu wengi hawajui kwamba tuna wataalamu wa ngozi waliosomea hapahapa nyumbani, wamezoea ngozi yetu na nywele zetu, na wanajua rasta, wiving na dawa ya kulainisha nywele ni nini bila kuelezwa.

Alianza na mimi. Akauliza tarehe ya kujifungua, akahesabu kwa vidole, akatabasamu. Akanieleza kwamba wakati wa ujauzito homoni huzishikilia nywele nyingi zisidondoke, na mtoto akishazaliwa zile zilizocheleweshwa huingia kwenye mapumziko kwa mkupuo, kisha baada ya miezi miwili hadi minne zinaanguka pamoja. Kwa kawaida mtu hupoteza nywele kama 50 hadi 100 kwa siku na wala hajali. Mimi nilikuwa nazimaliza zangu zote kwa msimu mmoja. Kwa wengi zinarudi zenyewe ndani ya mwaka. Lakini hakuishia hapo. Alinishika panja, akalivuta taratibu, akaangalia kwa kile kikuzio chao chenye taa, akasema hapa pana jambo la pili: kuvutwa. Rasta ndogo za kubana, na juu yake tena nakivuta kilemba nyuma. Akaniandikia vipimo vya damu, wingi wa damu, feritini inayoonyesha akiba ya chuma mwilini, na tezi ya shingo. Majibu yalipotoka, tezi ilikuwa sawa, feritini ilikuwa chini kabisa. Ndiyo kusema mwili ulikuwa umemaliza akiba ya madini ya chuma kwenye ujauzito na uzazi, na nywele si kiungo ambacho mwili unakihurumia ukiwa na uhaba.

Hapo ndipo nilipouona upungufu wa kile kichupa. Kilikuwa na biotini ambayo pengine sikuihitaji, na hakikuwa na chuma nilichokihitaji. Daktari akaongeza jambo ambalo nataka kila mwanamke anayemeza vidonge vya nywele alisikie. Biotini, ambayo ni vitamini ya kundi B, ikiwa ya dozi kubwa inaweza kuvuruga vipimo vya maabara, vya tezi na hata kile kinachotumika kugundua mshtuko wa moyo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari hiyo mwaka 2017. Kwa hiyo mtu akienda kupimwa damu aseme anameza nini, hata kama kimeandikwa "asilia" kwenye kopo.

Kisha akamwita dada akae kwenye kiti karibu na dirisha.

"Mama, ukisuka unasikia nini hapa katikati?"

Dada akanyamaza kidogo, akasema panauma. Si kuuma kwa kuvutwa, panachoma, na usiku panawasha. Imeanza lini? Kabla hajampata mtoto wa pili. Mtoto huyo yuko sekondari sasa. Mimi ni mdogo wake, nimelala naye kitanda kimoja miaka na miaka, na jambo hilo sikuwahi kulisikia.

Daktari aliuchambua ule utosi kwa muda mrefu. Alinionyesha na mimi. Katikati kabisa ngozi ilikuwa laini, inang'aa, haina hata yale matundu madogo nywele zinapotokea. Pembezoni palikuwa na nywele fupi fupi zilizokatika, na chini yake wekundu wa mbali ambao mimi nisingeuona bila kuonyeshwa, maana kwenye ngozi nyeusi unajificha. Akachukua kipande kidogo cha ngozi kwa ganzi, cha milimita nne, kipelekwe maabara. Majibu yakathibitisha alichokishuku. Ni upara wa makovu, ule unaoanzia utosini na kutanuka kwenda pembeni, na unawapata zaidi wanawake weusi. Uvimbe wa ndani unakula vishina vya nywele na kuacha kovu mahali pake.

Dada akauliza swali ambalo na mimi lilikuwa mdomoni. Zile sindano za vitamini je?

"Kisima kikishafukiwa, hata ukimwaga ndoo ngapi za maji hakirudi kuwa kisima," daktari akasema. "Mimi nakimbilia vile ambavyo bado viko wazi."

Nimelifikiria jibu hilo sana. Kliniki ile ingemchukua dada mwaka mzima. Angelipa, angevumilia maumivu, angengoja, na huku ndani ya ngozi uvimbe unaendelea na kazi yake, kila mwezi unaongeza duara. Hasara kubwa ingekuwa ule muda. Mimi kwa upande wangu ningedungwa vitamini, nywele zingerudi zenyewe zilivyopangiwa kurudi, na ningekwenda kuwasimulia mashoga zangu kwamba sindano ni kiboko. Nadhani sifa nyingi za sindano hizi zimezaliwa hivyo, kwa akina mama waliojifungua na watu waliotoka kwenye homa kali au upasuaji, ambao nywele zao zilikuwa njiani kurudi.

Na hapa kuna jambo ambalo dada mwenyewe alilisema tukiwa njiani kurudi nyumbani, kwa sauti ya chini ndani ya bajaji. Mama alikuwa na utosi huohuo. Marehemu mama yetu hakutoka bila ushungi, na akiwa ndani alikuwa na kitambaa chake cheupe, na shangazi walisema ni kwa sababu ya kuchoma nywele na kitana cha moto ujanani. Hata madaktari walidhani hivyo. Mwaka 1968 huko Marekani ugonjwa huu uliandikwa kwa jina la upara wa kitana cha moto. Baadaye ikaonekana wanawake ambao hawajawahi kukishika kitana hicho nao wanaupata. Mwaka 2019 utafiti uliotoka kwenye jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine ulionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wana mabadiliko kwenye jeni inayoitwa PADI3, inayohusika na kuujenga unywele. Kubana na kuchoma kunaweza kuchangia, lakini mtu anaweza kuzaliwa na mwelekeo huo. Nilipomwambia dada hivyo alilia. Miaka yote alikuwa akijilaumu kwa dawa ya kulainisha nywele aliyoweka akiwa chuo.

Sasa ajabu ni kwamba dada amedungwa sindano kichwani baada ya yote. Nilikuwa nimemshika mkono. Bomba dogo, dawa nyeupe iliyochanganyika maziwa maziwa, ambayo daktari aliitikisa kwanza kwa sababu inatuama. Ni steroidi, ya kutuliza uvimbe. Hakuidunga katikati penye kovu. Aliifuata pembezoni, pale palipokuwa na wekundu, tone baada ya tone, na kila tone ngozi ikiinuka kidogo na kupauka kisha ikashuka. Dada alibana meno, akasoma dua kimya kimya. Amepewa pia dawa ya kupaka na vidonge vya doksisaiklini, antibiotiki inayotuliza uvimbe pia, vya kumeza kwa miezi kadhaa, na amekatazwa kubana nywele. Ameambiwa waziwazi kwamba lengo ni kuuzuia ugonjwa usitembee, na kwamba pale panapong'aa asitegemee nywele. Ni maneno magumu kumwambia mwanamke. Nilimpenda yule daktari kwa kuyasema.

Wiki hii dada anasema muwasho wa usiku umepungua. Analala. Mimi naendelea na chuma, nakula maini na mchicha na kunywa maji ya ndimu baada ya chakula, chai nimeisogeza mbali na mlo kwa sababu inazuia chuma kuingia. Mapanjani kuna vinywele vipya vilivyosimama wima, vinakataa kulala hata kwa mafuta. Nimeacha rasta za kubana. Binti wa dada, ambaye yuko kidato cha pili, tumekwisha kumwambia kuhusu bibi yake na mama yake, na kwamba siku akisikia moto utosini aseme siku hiyohiyo.

Kuna mwenzangu kazini aliyesoma ujumbe wangu kwenye grupu letu akakasirika kidogo, maana yeye amekwisha kulipia hizo sindano. Tukakaa tukazungumza vizuri. Kwake nywele zinapungua juu pole pole, mstari wa katikati unapanuka, ni jambo la ukoo upande wa baba. Alishaonwa na daktari wa ngozi, hana makovu, anatumia minoksidili ya kupaka kila siku, na sindano ameziongeza juu yake akijua ni za kujaribu. Huyo siwezi kumwambia anapoteza. Anajua anachotibu. Nilimwomba tu aulize mambo matatu siku akienda: nani anadunga na amesomea wapi, ndani ya bomba kuna nini kwa majina, na kichupa kifunguliwe mbele yake. Jana alinitumia ujumbe kwamba ameuliza yote. Wamemwandikia majina ya dawa kwenye karatasi, na ameahirisha zamu ya wiki hii kwa sababu kichupa walichotaka kutumia kilikuwa tayari kimefunguliwa.