Nilivyosoma sayansi ya moto hapa Mtwara kwa simu na sufuria ya mama

Ukimwambia mtu wa Chikongola kwamba unasomea mambo ya zimamoto, cha kwanza anakuangalia mikono, alafu anauliza "sasa hapo unasoma nini dada, si kumwaga maji tu?" Basi mi nataka nianze na hilo hilo la kumwaga maji, maana ndo lilinisumbua kuliko yote na ndo lilinifanya niipende hii fani.

Nilikuwa karani kwenye ghala la korosho, naandika magunia yanayoingia na kutoka, huku ndoto yangu ni kuingia Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Kozi yenyewe ya sayansi ya moto nilichukua mtandaoni, chuo cha nje, notsi zote ziko kwenye simu, nasoma kwa bando la usiku, na minada ya korosho ikianza ndo usahau kabisa kusoma maana unarudi nyumbani huna hata nguvu ya kula. Fizikia kidato cha nne nilipata D. Kwa hiyo zile kurasa za kilojuli (kipimo cha nishati ya joto) na nyuzi joto nilikuwa nazipita macho tu.

Kilichonitoa ni kwamba niliacha kukariri, kila somo nikawa nalitafutia kitu cha hapa hapa nyumbani au mtaani nikione kwa macho. Notsi zinasema kinachoungua kwa mwali sio ubao wala mshumaa wenyewe, ni mvuke unaotoka kwenye kile kitu kikipata joto. Haya, umeme ukakatika usiku kama kawaida yetu, nikawasha mshumaa nikauacha ukolee, nikaupuliza, ule moshi mweupe unaopanda nikauwekea njiti ya kiberiti kwa juu bila kugusa utambi. Moto uliruka hewani ukashuka wenyewe mpaka kwenye utambi! Mdogo wangu alinirudisha kwenye hilo zoezi mpaka kiberiti kikaisha. Na pale ndo nikaelewa kwa nini chumba kinaweza kushika chote kwa mkupuo, kwamba godoro, makochi na pazia vyote vinapikwa vinatoa huo mvuke, joto la kule juu ya dari likifika kama nyuzi 500 mpaka 600 vinawaka kwa pamoja, wenyewe wanaita flashova, na ukiwa ndani muda huo hata yale magwanda ya zimamoto hayakusaidii sana.

Sasa maji. Nilichukua sufuria ya mama, maji kidogo, nikabandika kwenye gesi nikaangalia saa. Kuchemka yakachemka haraka tu. Nikayaacha yaendelee mpaka yakauke, hapo ndo kazi, yanatokota tu hayaishi, mama anatoka chumbani anafoka "we mtoto, hiyo gesi unanunua wewe? Unapika nini humo, hewa?" Nikamwambia nasoma. Lakini nilishapata jibu: kilo moja ya maji kutoka nyuzi 30 mpaka 100 inameza kama kilojuli 290, ila hiyo hiyo kuigeuza yote mvuke inameza kama kilojuli 2,260 nyingine. Yani nguvu ya maji kupoza moto iko kwenye kugeuka mvuke, sio kwenye kulowesha. Ndo maana askari wa zimamoto anabana nozeli, ule mdomo wa mpira, maji yatoke kama manyunyu, matone madogo yanageuka mvuke upesi na kunyonya joto, wakati ukimwaga ndoo nzima mengi yanapita yanaenda zake sakafuni.

Ila mvuke nao una hasira zake, maji yakigeuka mvuke yanatanuka kama mara 1,700. Kaka zetu wa chipsi naomba mnisikilize hapa, karai la mafuta likishika moto ukatia kikombe cha maji, maji yanazama chini ya mafuta, yanageuka mvuke palepale na kurusha mafuta yanayowaka mpaka usoni kwako. Zima jiko kama unafikia, funika na mfuniko, usilibebe, liache lipoe.

Kingine kilichonichanganya ni klasi za moto, yani herufi za kugawa moto kulingana na kinachoungua. Ukisoma vya Marekani, klasi C ni moto wa umeme na mafuta ya kupikia ni K, ukisoma vya Uingereza C ni gesi, mafuta ya kupikia ni F, na umeme hauna herufi. Mi nilishika mfumo wa Uingereza maana ndo nilioukuta kwenye mitungi ya kuzimia moto ya pale ghalani. Amua mmoja mapema, usichanganye.

Alafu kuna vitu vya kwetu ambavyo kwenye notsi vimeguswa juu juu tu. Salfa! Kila mkulima wa korosho anayo, ya kupulizia ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, na watu wanalala nayo. Nilienda kwa mjomba Tandahimba nikakuta mifuko imepangwa karibu na kitanda, koroboi pembeni. "Mjomba, hii salfa ni moto huu." Akacheka, "sasa niiweke wapi, nje waibe?" Nikachukua chembe kidogo sana, nikaipeleka nje kwenye kifuniko cha soda nikaichoma mi nikiwa upande upepo unakotokea: mwali wa bluu ambao juani huuoni vizuri, na ule moshi mjomba alipoupata kidogo tu akakohoa mpaka machozi. Vumbi lake likitimka hewani cheche moja inatosha kulipuka, na ukilirushia maji ya kasi ndo unalitimua zaidi. Mifuko ikahamia kwenye banda na komeo juu.

Gesi pia. Ya mitungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala chini, wakati gesi asilia ya visima vya huku kwetu Mnazi Bay, inayosafishwa kiwanda cha Madimba, kwa sehemu kubwa ni metheni, nyepesi, inapanda juu. Watu wanaita zote gesi tu, lakini ukienda kutafuta imejikusanya wapi huendi sehemu moja.

Mtihani nilifaulu. Cheti peke yake hakikuingizi jeshini, ajira zikitangazwa unaomba kama wengine, usaili, na ukichaguliwa unaenda mafunzoni, chuo cha jeshi kiko Chogo kule Handeni. Mi saa hizi ni mbio za asubuhi Shangani na kusubiri tangazo. Na wewe unayetaka kuomba angalia majina yako sasa hivi, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule vifanane mpaka herufi, maana kurekebisha wakati dirisha la maombi liko wazi ni kukimbizana na ofisi tu.